Mama Alilijua Jina Lake: Kisa cha Breck Bednar

Lorin LaFave hakuwa mzazi aliyelala. Alijua kwamba mwanawe wa kwanza, Breck, alikuwa akitumia saa nyingi kwenye kompyuta akiongea na kijana mmoja ambaye familia haijawahi kumtia machoni. Jina la kijana huyo alilijua. Sauti yake aliisikia ndani ya nyumba yake mwenyewe. Aliona tabia ya mtoto ikigeuka, akaweka masharti, akapunguza muda wa gemu, akazungumza na wazazi wenzake, na Desemba 2013 akawapigia polisi. Miezi miwili baadaye, tarehe 17 Februari 2014, Breck aliuawa na kijana huyo huyo. Alikuwa na miaka 14, amebakiza mwezi mmoja atimize 15.

Ndiyo sababu nimekichagua kisa hiki na si kingine. Semina nyingi za wazazi kuhusu usalama wa watoto mtandaoni huanza kwa kudhani kwamba tatizo ni mzazi asiyejua: hajui mtoto anaongea na nani, hajui kufunga programu, hajui hata pasiwedi ya simu aliyoinunua kwa pesa zake. Akishajua, basi, mtoto kapona. Kisa cha Breck kinaivuruga hesabu hiyo. Hapa alikuwapo mama aliyejua, tena mapema, na bado akazidiwa. Kwa maoni yangu alizidiwa kwa sababu aliachwa peke yake na kile alichokijua. Watu wazima kadhaa walikuwa na kipande cha habari kila mmoja, na vipande hivyo havikukutana hadi mtoto alipokwisha kufa.

Breck aliishi Caterham, mji ulioko kaunti ya Surrey, kusini mwa London. Wazazi wake walikuwa wameachana. Yeye na wadogo zake watatu, waliozaliwa kwa mimba moja, waliishi na mama yao na walikuwa wakienda kukaa kwa baba yao pia. Alikuwa mwanafunzi mwenye akili, mwanachama wa kikosi cha vijana cha jeshi la anga, na kompyuta ndiyo ilikuwa mapenzi yake. Jioni alicheza gemu za vita na kundi la wavulana, na wengi wao alikuwa akiwajua kwa sura, si kwa majina ya mtandaoni tu. Hilo lishikeni, tutalirudia.

Walipokuwa wakicheza, wavulana hao waliongea kupitia TeamSpeak, programu inayowawezesha watu wengi kuzungumza kwa sauti kwa wakati mmoja huku kila mtu yuko kwao. Mzazi anayetaka kukielewa kisa hiki inabidi aelewe kidogo namna programu ya aina hiyo inavyoendeshwa. Mtu yeyote anaweza kuanzisha sava yake, yaani ukumbi wake wa mtandaoni wa kuongelea. Mwenye sava ndiye anayeamua nani aingie, nani atolewe, nani anyamazishwe, chumba kipi kiwe cha wote na kipi kifungwe wakae wawili tu. Ni kama baraza la nyumba ya mtu: mnakaa, mnapiga soga, mnacheka mpaka usiku, lakini baraza lina mwenyewe, na mwenyewe ndiye anayejua mlango wa ndani unafunguliwa vipi. Vidhibiti ambavyo mzazi ameviweka kwenye gemu lenyewe havifiki huko. Gemu linaweza kuwa limefungwa mawasiliano yote, na mtoto akawa anaongea na dunia nzima kupitia dirisha la pembeni.

Mwenye baraza hilo alikuwa Lewis Daynes. Aliishi peke yake kwenye fleti huko Grays, kaunti ya Essex, ng'ambo ya mto Thames. Hakuwa na kazi. Wavulana aliwaambia kwamba yeye ni mtaalamu wa kompyuta anayemiliki kampuni ya mamilioni ya pauni na anayefanya kazi na serikali ya Marekani. Kwa mtoto wa miaka 14 anayeota kuishi kwa kompyuta, mtu wa namna hiyo ana mvuto kuliko mwalimu, kuliko baba, kuliko padri.

Alipoua alikuwa na miaka 18. Nalisisitiza hilo kwa sababu wazazi wengi ninaozungumza nao wana picha ya mzee mwenye kitambi anayejifanya mtoto. Mabango ya kampeni nayo huchora mtu aliyejifunika kofia ya sweta mbele ya skrini. Ningekuwa na uwezo ningeyabandua yote. Daynes hakujifanya mtoto. Alijulikana kuwa amewazidi umri kidogo, na huko kuwazidi ndiko kulikompa cheo. Kaka mkubwa wa kundi. Mtoto aliyefundishwa kutoongea na wageni hakuwa na sababu ya kulikumbuka somo hilo, maana huyu hakuwa mgeni hata kidogo: marafiki zake wote wanamjua, wanaongea naye kila jioni, wanacheka naye. LaFave amekuwa akilisema hili kwa uchungu katika mahojiano, kwamba wavulana walimwona Lewis kuwa rafiki, na onyo lolote kuhusu watu hatari wa mtandaoni waliona linamhusu mtu mwingine.

Na aliyoyasikia mama miezi ile hayakuwa mambo ya ngono. Hapa ndipo wazazi hupotea njia. Tunakagua simu ya mtoto tukitafuta picha za uchi na maneno machafu. Tusipozikuta tunarudisha simu mezani tukishukuru Mungu. LaFave alisikia vitu vya nyumbani kabisa. Breck alianza kukataa kazi za ndani kwa hoja kwamba Lewis amesema si lazima azifanye. Alianza kuona uvivu kwenda kanisani na familia. Alianza kumwona mama yake kuwa mtu wa kutawala kupita kiasi, na lugha aliyoitumia haikuwa yake. Kila mzazi wa kijana wa miaka 14 atasema hayo ni mambo ya ujana, na mara nyingi atakuwa sahihi. Tofauti iko kwenye chanzo. Ukaidi wa ujana huwa na sababu nyingi zinazobadilika kila wiki. Leo ni rafiki wa shule, kesho ni wimbo, keshokutwa ni njaa. Hapa sababu zote zilikuwa na jina moja. Mtoto anapoanza kuunukuu mdomo mmoja katika kila ugomvi wa nyumbani, tena mdomo wa mtu asiyeonekana, hiyo ni dalili nzito kuliko picha yoyote utakayoikuta kwenye simu.

Mrubuni mwenye subira hufanya kazi hiyo kwanza kabla ya nyingine zote: kumtenga mtoto na nyumba yake. Huanza kwa kumpa sifa ambazo nyumbani hazipati. Halafu humfundisha kuzisoma sheria za mzazi kuwa ni wivu au udikteta. Mwisho humwekea siri ndogo isiyo na madhara, kumpima tu kama anatunza siri. Akifika hapo, katazo lolote la mzazi linamsaidia yeye, kwa kuwa kila katazo linathibitisha alichokuwa akimwambia mtoto kuhusu mama yake.

LaFave alikataza. Ningekuwa yeye ningekataza pia, na sioni kosa ndani yake. Alipunguza muda wa kucheza, alijaribu vidhibiti vya wazazi, alimzuia Breck asiingie tena kwenye sava ya Daynes. Lakini hebu tazama hatua hiyo kwa jicho la mtoto. Marafiki zake wote wako barazani. Yeye peke yake yuko nje. Anayejua kwamba yuko nje, na anayejua sababu, ni mwenye baraza, ambaye sasa anaweza kumtafuta kwa njia nyingine akiwa peke yake, bila kundi la kusikia. Katazo la kumgusa mtoto mmoja lilimwondoa Breck mahali penye mashahidi, na Daynes akabaki na sava yake, na wavulana wengine wakabaki naye.

Hatua ambayo ingemkata miguu Daynes haikuwa mikononi mwa mama mmoja. Ilihitaji wazazi wa wavulana wote wakubaliane jioni moja kwamba sava hii basi, na jioni hiyo hiyo wavulana wapewe sava nyingine inayomilikiwa na baba au kaka wa mmoja wao. Si kazi ngumu kitaalamu. Mtu anayejua kompyuta kiasi anaifanya kwa saa moja. Marafiki wangebaki pamoja, gemu lingeendelea, na Daynes angebaki na baraza tupu. LaFave alijaribu kuwaeleza wazazi wenzake. Kilichomkwamisha ni kile kinachokwamisha vikao vya wazazi kila mahali: kila mmoja aliangalia wa kwake akamwona hana shida. Wala hawakuwa wakidanganya. Daynes alikuwa amemchagua mmoja, na hao wengine walikuwa salama kweli kwa wakati ule. Mrubuni akiingia kwenye kundi la watoto kumi, wazazi tisa watakuambia, kwa dhati, kwamba huyo kijana ni mpole na anawasaidia watoto kompyuta.

Sasa simu ya polisi, na hapa nitakaa kidogo.

Katikati ya Desemba 2013 LaFave aliwapigia polisi wa Surrey. Hakupiga kuuliza ushauri wa jumla. Alieleza kwamba anaamini mwanawe anarubuniwa na mtu mzima mtandaoni, na akamtaja mtu huyo kwa jina. Katika kumbukumbu za polisi jina hilo lilikuwamo. Mwaka 2011 polisi wa Essex walimkamata Daynes kwa tuhuma za kumbaka mvulana wa miaka 15 na kukutwa na picha chafu za watoto, hakufikishwa mahakamani. Laiti mtu aliyepokea simu, au mkubwa wake, angeliandika jina hilo kwenye mfumo wa taarifa za polisi, historia hiyo ingejitokeza. Haikufanyika. Taarifa ya mama ilipokelewa, na ikaishia hapo. Chombo huru kilichokuwa kikichunguza malalamiko dhidi ya polisi kiliyaangalia mashauri ya vikosi vyote viwili, Surrey na Essex, na mwaka 2016 polisi wa Surrey waliiomba familia radhi na kulipa fidia.

Ni rahisi kusema polisi walizembea, na walizembea kweli. Lakini mtu anayetaka kujifunza kutokana na kisa aulize zaidi: kwa nini simu kama ile haikumshtua aliyeipokea? Mpokea simu za polisi siku nzima anasikia wizi, ajali, ugomvi wa jirani. Anaposikia mama analalamika kuwa mtoto wake anapoteza muda kwenye gemu na rafiki asiyempenda, ana sanduku tayari la kulitia jambo hilo, nalo limeandikwa "malezi". Wapokea simu wale hawakuwa wamefundishwa kuutambua urubuni wa mtandaoni, hivyo hawakujua swali la pili la kuuliza. Mama alikuwa na jina. Ofisi ilikuwa na historia ya jina hilo. Katikati palikosekana mtu wa kuunganisha.

Kilichofuata nitakieleza kwa ufupi. Waliotaka kukieleza kwa urefu wamefanya hivyo, na mengine hayamsaidii mzazi yeyote. Februari 2014 ilikuwa likizo ya katikati ya muhula na Breck alikuwa kwa baba yake. Jumapili tarehe 16 aliaga kwamba anakwenda kulala kwa rafiki wa karibu. Badala yake alipanda teksi, ambayo Daynes ndiye aliyeigharamia, ikavuka mto hadi Grays. Alikuwa ameahidiwa utajiri: kampuni ile ya uongo ingekuja kuwa mikononi mwake. Asubuhi yake Daynes mwenyewe alipiga simu ya dharura, akiongea kwa utulivu, akidai palitokea ugomvi. Polisi walikuta vifaa vya kompyuta vimezamishwa kwenye maji. Novemba 2014 alikiri kosa la mauaji, na tarehe 12 Januari 2015 mahakama ya Chelmsford ikamhukumu kifungo cha maisha, asifikiriwe kuachiliwa kabla ya miaka 25.

Ile ruhusa ya kulala kwa rafiki inastahili neno. Hakuna mzazi wa kulaumiwa kwa kumruhusu mvulana wa miaka 14 alale kwa rafiki wa jirani wakati wa likizo. Kinachoshangaza ni jinsi jambo hilo lilivyo dogo. Simu ya dakika moja kutoka kwa mzazi kwenda kwa mzazi, "kijana wangu kafika?", ingetosha kuubaini uongo huo jioni ile ile. Kwetu Pwani na bara wazazi wa zamani walikuwa wakifanya hivyo bila kuuona kuwa ni ulinzi. Mtoto akilala kwa mwenzake, mama wa nyumba ile anatuma salamu. Siku hizi kila mtoto ana simu, na kwa kuwa tunaweza kumpigia yeye mwenyewe, tumeacha kumpigia mzazi mwenzetu. Mtoto anapokea, anasema "nimefika", tunalala. Sauti ya mtoto inatuambia kwamba yuko hai, haituambii yuko wapi.

Baada ya msiba LaFave alianzisha taasisi yenye jina la mwanawe, na amekuwa akizunguka mashuleni Uingereza akisimulia. Amekuwa pia miongoni mwa wazazi waliofiwa ambao walishinikiza sheria ya usalama mtandaoni iliyoidhinishwa rasmi nchini humo Oktoba 2023. Kabla yake, tangu Aprili 2017, England na Wales zilikuwa zimeanza kutumia kifungu kinachomfanya mtu mzima anayemtumia mtoto wa chini ya miaka 16 ujumbe wa kingono awe na kosa hata kama hawajakutana. Ni sheria nzuri. Lakini rudi kwenye yale aliyoyasikia mama barazani: kazi za ndani, kanisa, kampuni, mama mtawala. Hakuna hata moja ambalo lingemtia mtu hatiani kwa kifungu hicho. Sheria huingia pale mambo yanapokuwa yameharibika vya kutosha kuitwa kosa, na mrubuni anajua mpaka uko wapi. Miezi ya mwanzo ni ya watu wazima wanaomzunguka mtoto, hakuna mwingine.

Mzazi wa Temeke au wa Kisauni anaweza kusema sisi hatuna TeamSpeak. Kweli, lakini mabaraza tunayo tele. Free Fire ina mazungumzo ya sauti na vikundi vyenye viongozi wake. PUBG hali kadhalika. Halafu kuna magrupu ya WhatsApp na Telegram, yenye admini mmoja ambaye watoto wote wanamwita "bro" na mzazi hata mmoja hajui anakaa wapi. Watoto wetu wengi hata simu zao hawana. Wanatumia ya mama, ya mjomba, ya dada wa kazi, na kila simu ina akaunti yake na historia yake. Programu kama Family Link ya Google inasaidia kwenye simu ya mtoto ya Android, kwa kufunga programu na kuweka saa za kulala, na naishauri. Ila haisomi mazungumzo, wala haitakuambia kwamba admini wa grupu amemtumia mwanao bando.

Bando, vocha, almasi za Free Fire, mia mbili mia tano ya M-Pesa kwenye simu ya mjomba. Kwa watoto wetu hayo ndiyo yanayofanya kazi iliyofanywa na kampuni ya mamilioni kule Grays, na yana faida moja kwa mzazi: yanaacha alama. Mtoto asiye na pesa anayecheza kila siku akiwa na bando amepewa na mtu. Uliza ni nani, na uliza kwa sauti ile ile unayouliza nani kakupa hiyo peremende. Dalili nyingine ni kuhamishwa. Mtu anayekutana na mtoto kwenye gemu na haraka anataka namba, kisha anataka wahamie mahali pengine wawe wawili, kisha anataka meseji zifutwe, amekwisha kukuonyesha anakoelekea hata kama maneno yake yote ni ya heshima.

Ukishayaona hayo, usianze na katazo siku hiyo hiyo. Najua mkono unawasha. Anza na mtoto, na uanze kwa kumwondolea lawama: "Sikukasirikii, nataka tumwelewe huyu rafiki yako." Kisha zichunguzeni pamoja sifa za huyo rafiki. Anasema ana kampuni? Kampuni ina jina, ina ofisi, imesajiliwa. BRELA, wakala wa usajili wa kampuni Tanzania, wanaruhusu kutafuta jina la kampuni mtandaoni. Anasema anasoma chuo fulani? Binamu yako yuko chuo hicho, mpigieni. Mtoto akiugundua uongo kwa macho yake mwenyewe, humsamehe mzazi haraka kuliko akiambiwa. Na wazazi wa watoto wengine wa grupu hilo wapigie kabla hujamfungia mwanao, ili mkifunga mfunge wote.

Ushahidi usiufute. Mzazi mwenye hasira hufanya mambo mawili mabaya: hufuta kila kitu kwenye simu, na humpigia mrubuni kumtukana. La kwanza linawanyima polisi kazi, la pili linampa yule mtu muda wa kubadilisha namba na kuzamisha kompyuta zake. Piga picha za skrini zenye jina la akaunti, namba, tarehe na saa. Ziweke kwenye simu nyingine. Isipokuwa picha za uchi za mtoto, kama zipo: hizo usizinakili wala kumtumia yeyote, hata ndugu, hata mwalimu, maana kuzisambaza ni kosa na ni kumuumiza mtoto mara ya pili. Iache simu ilivyo na uipeleke yenyewe.

Namba ya bure ya watoto ni 116, Tanzania na Kenya pia. Kwenye vituo vya polisi Tanzania liko Dawati la Jinsia na Watoto. Kenya kuna madawati ya jinsia vituoni na maafisa wa watoto kwenye kaunti ndogo. Unapofika au unapopiga, kumbuka lile sanduku la "malezi" na usimpe anayekusikiliza nafasi ya kukutia humo. Usianze na gemu. Usianze na "mtoto wangu hanisikii siku hizi." Anza hivi: mtoto wangu ana miaka kadhaa, mtu mzima aitwaye fulani, namba yake hii, anawasiliana naye kwa siri, amempa kitu hiki, amemwomba wakutane au amemwomba picha, na naomba mtu huyu aangaliwe kama ana kumbukumbu zozote. Sentensi ya mwisho ndiyo ambayo mwenye kalamu anaweza kuifanyia kazi leo leo.

Usiondoke bila namba ya taarifa yako. Tanzania omba RB, Kenya omba OB, na andika jina la askari aliyekuhudumia pamoja na saa. Baada ya siku mbili tatu rudi na namba hiyo mkononi, uulize nani amepewa faili. Ukiambiwa hakuna, panda kwa mkuu wa kituo, na siku hiyo hiyo pitia kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako ukampe nakala ya maelezo yale yale, ili ofisi mbili ziwe na jina hilo.